Manyoya ya Jogoo wa Melkiori

Kambi ya Mtoni, Ifakara
Mwezi wa Mei, 1908

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Shikamoo mama. Shikamoo na baba mkubwa, kama yupo hapo anakunywa togwa, na kama hayupo basi salamu zake zimsubiri. Habari za magoti yako na maji haya ya mwaka huu? Wendelin ameniambia mto ulipanda mpaka kwenye kichanja cha kukaushia samaki, na kwamba mama amelazimika kuhamia kwenye dungu la shambani na vyungu vyake vyote. Nimecheka kidogo nikimwaza anavyopanda ile ngazi huku anagomba. Poleni sana. Mungu akipenda maji yatarudi mahali pake.

Mimi mwili wangu ni mzima. Homa ilinishika wakati wa Pasaka, ikanitikisa, ikaniacha. Mwalimu Theodori, wewe unayemsomea baba barua hii, nakusalimu pia: Tumsifu Yesu Kristo. Nakuomba univumilie. Barua ni ndefu, na mwandiko wangu unaujua tangu tulipokuwa shuleni Kwiro. Tena ndani yake mna habari za tambiko, ambazo najua huzipendi, lakini zisome hivyo hivyo bila kuruka. Na usome polepole, baba hapendi kusomewa kama anafukuzwa.

Baba, Wendelin alifika na mtumbwi wake wa samaki wakavu, akanipa maneno yako yote. Nimeyasikia. Umesema wazee wameamua shemeji Justa arudishwe kwao Mngeta mara njia itakapopitika. Umesema mtoto Apolonia atabaki kwetu, kwa kuwa yeye ndiye damu pekee aliyotuachia marehemu kaka Melkiori. Na umesema kuwa Hermenegildi, aliyekuja kwa heshima zote kuuliza habari za kumuoa Justa, amerudi nyuma, hataki mwanamke anayekataliwa na mume aliyekufa. Halafu ukamwambia Wendelin aniulize mimi, kwa kuwa nimesoma na nimekaa na Wazungu, ninaonaje.

Hakuna swali lililowahi kuniumiza namna hiyo. Wendelin alisema alinitazama nikabadilika rangi, akadhani homa imerudi. Jibu ninalo, ila lazima nianzie kwenye kazi yangu, maana sijawahi kukueleza sawasawa ninafanya nini huku. Nilipokuja nyumbani niliwaambia kwamba mimi ni karani wa vipimo. Huo ulikuwa uongo mdogo. Mkubwa unakuja.

Bwana ninayemtumikia anapima mto. Serikali inataka kujua kama meli ndogo inaweza kupita mpaka huko juu, basi asubuhi yeye hushusha kamba yenye kipande kizito cha risasi ndani ya maji, husoma kina, na karani wake Mswahili kutoka pwani huandika. Huyo ndiye karani, si mimi. Jioni Bwana anavua samaki. Na uvuvi wake, baba, ungeuona ungeketi chini. Watu wa hapa wamempa jina la Bwana Nzi.

Hana mtego wa mgono, hana wavu, wala chambo cha kunuka. Ana fimbo ndefu, nyembamba, inayopinda hata ukiipulizia. Kwenye fimbo pana uzi mnene, mwisho wa uzi mnene pana uzi mwembamba usioonekana majini, na mwisho wa huo pana ndoano ndogo iliyovikwa manyoya na hariri mpaka udhani ni mdudu. Anairusha nyuma na mbele, nyuma na mbele, kisha inatua juu ya maji polepole. Samaki anaona nzi amedondoka, anaruka. Anayenaswa zaidi ni yule mwenye meno, yule aliyemkata Wendelin kidole.

Mimi niliajiriwa kubeba. Nilibeba fimbo, kikapu na kiti cha Bwana. Lakini unanijua nilivyo na kiherehere, sikuweza kubeba kitu nisichokijua jina. Bwana alikuwa akisema peke yake akivua, nami nikayaokota maneno yake moja moja. Siku moja akanyoosha mkono bila kugeuka akataja kitu, nikampa kile kile alichokitaja. Akageuka akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyesikia mbuzi wake akisalimia.

Tangu hapo kila alasiri, baada ya chai, alitandaza turubai akapanga vitu vyote, akanionyesha kwa kiko chake, nami nikataja. Fimbo ni ruti. Ule uzi mwembamba wa mwisho ni forfaki. Unyoya unaozungushwa kwenye ndoano ukasimama pande zote kama miguu ya mdudu ni hekeli, na huo ndio roho ya kazi yote. Kule kuvutana na samaki, tangu anase mpaka umtoe, wanakuita drili. Sisi hatuna neno la kitu hicho, baba, kwa sababu mgono ukiuinua samaki yumo au hayumo, hakuna mazungumzo. Nilipokueleza hilo nyumbani, nikijifanya nimelisikia tu, ulicheka sana, ukauliza huyo samaki amewakosea nini hata wamchezee kabla ya kumla.

Bwana Nzi hakuwa na mzaha na maneno. Ukisema "uzi" anakuuliza uzi upi. Ukikosea jina mara mbili anakunja turubai, na siku hiyo masomo yamekwisha. Kwa hiyo niliyarudia maneno njiani, nikioga, nikipeta mchele. Mpishi akatangaza kambi nzima kwamba nimerogwa. Walipokuwa wakinicheka mimi nilikuwa nafurahi, nisikufiche. Kwiro nilikuwa mwanafunzi wa katikati, Theodori ni shahidi, nilipigwa fimbo za hesabu kuliko nilivyosifiwa. Hapa nilikuwa najua kitu ambacho hata karani wa pwani na koti lake hakijui. Utamu wa jambo hilo ulinipanda kichwani.

Na palikuwa na faida pia. Bwana aliniahidi kwamba siku nitakayoyajua majina yote, na nikafunga nzi kwa mikono yangu mwenyewe, na nzi huyo akapata samaki, atanifanya mtu wake wa kudumu, na boma halitanichukua tena kwa kazi ya barabara. Mnajua wenyewe wangapi kwetu walichukuliwa kazi ile na wangapi walirudi. Nililala nikiiwaza ahadi hiyo.

Najua pia mnachokiwaza mnaponisikia nikisema hivi. Kaka Melkiori alikwenda Mahenge na wenzake mwaka ule wa vita, na risasi za watu hawa hawa zikamlaza huko, hata mahali alipozikwa hatupajui, kama alizikwa. Nami, ndugu yake wa tumbo moja, nilikuwa nakaa chini mbele ya mmoja wao nikijifunza majina ya manyoya. Mama aliliona hilo usoni mwangu nilipokuja. Alinipakulia tu chakula akanipa mgongo. Mama, nilielewa.

Sasa nifike kwenye manyoya. Bwana alikuwa na kisanduku cha hekeli alizotoka nazo kwao. Siku moja alikifungua akakuta wadudu wamezila zote, imebaki vumbi. Mtu mzima yule karibu alie. Akatuma askari kwenda vijiji vyote vya jirani kutafuta jogoo, wakarudi na tetea mmoja mgonjwa. Wangempata wapi jogoo? Vita vilikula kuku wetu, na njaa ikala waliosalia. Unyoya wa tetea haufai, ni laini, ukilowa unalala. Unatakiwa unyoya wa shingo ya jogoo aliyekomaa, mwembamba, mgumu, unaong'aa. Mimi jina la hekeli nilikuwa nalijua mpaka nalitamka usingizini, lakini hekeli yenyewe haikuwepo, na bila hiyo sikuweza kufunga nzi wangu, na ile ahadi ikawa inapita mbele yangu hivi hivi.

Ndipo habari yako ilipofika kwamba jogoo wa kumtambikia kaka amepatikana na siku imewekwa.

Baba, nataka kuyataja haya ingawa mnayajua, ili nijisikie nikiyataja. Justa alikaa na kamba ya msiba shingoni miaka miwili, si kwa kosa lake, ila kwa sababu hapakuwa na jogoo wala mtama wa pombe wa kumfungulia. Miaka miwili hakusuka nywele, hakucheka mbele za watu, hakulima shamba lake mwenyewe. Mwisho mama alifunga safari mwenyewe mpaka kwa wajomba zake milimani, akarudi amembeba jogoo kikapuni, miguu imemvimba. Na Hermenegildi alikuwa anasubiri kwa adabu kamba ikatwe. Kila kitu kilikuwa tayari.

Nilifika nikamkuta jogoo amefungwa mguu kwenye nguzo ya ghala. Nyote mlipomtazama mliona mnachostahili kukiona. Mimi niliona shingo. Ilikuwa rangi ya kutu, ncha zake nyeusi, unyoya kwa unyoya, ule ule aliokuwa akinichorea Bwana kwenye mchanga. Midomo yangu ilisema "hekeli" kabla sijawaamkia. Mlidhani nimekohoa, mama akanipa maji.

Siku moja kabla ya tambiko, mchana, mlikwenda wote mtoni kuinua migono ya samaki wa wageni. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma.

Nilimfunika jogoo uso kwa shati langu. Nilitaka manyoya machache tu, ya nyuma ya shingo, nikijiambia yaliyobaki yatafunika. Nikaona ya chini yake ni bora zaidi. Nikang'oa na hayo. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe na mdomo unataja, huu ni wa ndoano kubwa, huu wa ndoano ndogo, na sikukumbuka hata kidogo huyu ni jogoo wa nani. Nilipokuja kuacha palikuwa na upara mwekundu, unatoka damu kidogo. Nikaupaka majivu. Manyoya nikayafunga kwenye jani la mgomba nikayatia kifuani ndani ya shati.

Ni mimi, baba. Hakuwa marehemu, hakuwa pepo. Ni mimi Kelestini mwanao.

Kesho yake mnaikumbuka. Baba mkubwa alimwita kaka kwa majina yake yote, akamwinua jogoo, akapitisha mkono shingoni kama inavyotakiwa ili kuonyesha kwamba ni mzima hana dosari. Mkono ukasimama. Akapekua manyoya, akatazama, akamshusha chini taratibu. Alisema: "Melkiori ametangulia kumgusa. Amemkataa." Ndugu wote wakamgeukia Justa, mmoja baada ya mwingine. Baba mkubwa akamuuliza amefanya nini nyuma ya mumewe, na alifanya na nani. Justa hakujibu. Akaulizwa tena. Akainamisha kichwa. Kamba ikaachwa shingoni, pombe ikarudishwa ndani, na mama akaingia nyumba ya jikoni akajifungia.

Simlaumu baba mkubwa. Angejuaje? Katika nchi yetu nzima nani amewahi kusikia mtu anamnyonyoa shingo jogoo aliye hai akamwacha na nyama yake? Mwizi angemwiba mzima, mnyama angemla. Kwa mtu mwenye akili zake timamu, palikuwa na jibu moja tu, nalo ndilo alilolitoa. Kosa hilo halikuwa la kijinga. Mjinga alikuwa amekaa kwenye mkeka wa pili, mkono kifuani, akihisi jani la mgomba linavyokwaruza ndani ya shati.

Mtauliza kwa nini sikusema pale pale. Nimejiuliza mimi pia kila siku. Mwanzo nilijiambia nitasema wageni wakiondoka. Wageni walipoondoka nikajiambia nitasema kwa baba peke yake. Nilipokuona umekaa unalitazama lile jiwe la tambiko bila kupepesa nikajiambia nitaandika. Na ukweli wa chini kabisa ni huu: niliogopa mtanitaka niyatoe yale manyoya.

Nilirudi Ifakara. Nikafunga nzi. Bwana alikaa pembeni bila kunisaidia, akiniuliza majina, nami nikayataja yote bila kukosa hata moja. Tukashuka mtoni, akanipa ruti yake mwenyewe nirushe. Samaki mwenye meno akaruka kutoka kwenye kina, na ile drili ikawa ndefu mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipomtoa, Bwana alinipiga bega akaniita kwa jina langu. Kabla ya hapo nilikuwa "boi" tu. Kisha akampima samaki yule kwa kamba, akamtazama anavyong'aa, akamwachia majini aende zake. Na ng'ambo ya mto walikuwa wamekaa kina mama na watoto wao waliotoka kuchimba mizizi, wakatuona tukimwachia.

Nami nilicheka, baba. Nilicheka kwa furaha. Nikikumbuka kile kicheko natamani ardhi inimeze, kuliko hata ninavyotamani nikikumbuka wizi wenyewe.

Ahadi ilitimizwa. Ndiyo maana msimu huu sikuchukuliwa barabarani. Ndiyo maana mlipata ile chumvi na kile kitambaa cha mama. Mama, sasa unajua kilitoka wapi. Ukikitupa sitauliza.

Limebaki jambo moja, na nimelizungukia kurasa zote hizi kwa sababu ndilo lililonishinda kuliko yote.

Justa aliniona.

Alirudi kutoka mtoni mapema kuliko ninyi, ana mtungi kichwani, akanikuta nimepiga magoti kwenye nguzo ya ghala na manyoya mkononi. Akaniuliza shemeji unafanya nini. Nikamwambia namtoa jogoo chawa. Alinitazama, akamtazama jogoo, akatua mtungi akaingia ndani. Kesho yake, baba mkubwa alipomuuliza mara ya pili, kabla ya kuinamisha kichwa alinitazama mimi. Mara moja tu, na hakuna aliyeona ila mimi. Angeweza kunyoosha kidole. Angesema maneno matatu akaondoka pale huru, kamba imekatwa au itakatwa siku nyingine, na Hermenegildi angekuwa naye leo. Hakusema.

Na nilipokuwa naondoka, ninyi mkiwa bado mmejiinamia, yeye ndiye aliyenisindikiza mpaka ufukoni. Alinifungia viazi vya njiani kwenye jani. Nilimwuliza kwa nini amenyamaza. Alisema: "Wazazi hawa wamebaki na mtoto mmoja, shemeji. Nikiwaondolea na huyo, watamtazama nani? Nenda kazini. Utasema mwenyewe ukiwa tayari."

Nikapanda mtumbwi, baba. Nikala na vile viazi.

Tangu siku ile mvua zimekuja zimekwisha, na mimi nimekaa hapa na jina langu zuri. Nilijua anasukumwa pembeni wakati wa kula, Wendelin aliniambia. Nilijua wanawake wenzake hawamsindikizi mtoni. Nikaendelea kufunga nzi mpaka manyoya yakakaribia kwisha. Sasa mnataka kumrudisha Mngeta bila mtoto wake, mwanamke ambaye amebeba aibu yangu shingoni ili ninyi msiaibike kwa ajili yangu. Hilo ndilo jibu la swali lako. Ninaonaje? Naona anayestahili kufukuzwa nyumbani kwetu si Justa.

Nazijua nyumba zetu, na najua mtakaloambiwa: huyu kijana ana huruma, anamtetea shemeji yake, amejitungia. Kwa hiyo ndani ya barua hii, kwenye karatasi iliyokunjwa, mtakuta nzi mmoja, angalieni ndoano yake isiwachome. Nilimhifadhi huyu. Wendelin anasema jogoo bado yu hai, kwamba ulikataa asichinjwe na manyoya yameota upya. Baba mkubwa amshike, aweke unyoya wa nzi kando ya unyoya wa shingo, atazame ile kutu na ile ncha nyeusi. Macho yake ni makali, yatamtosha.

Baba, nakujua pia. Ukifika hapa utataka kuikunja barua hii na kuiweka chini ya godoro, si kwa ubaya, ila kwa sababu mimi ndiye niliyebaki. Utamwambia Theodori haya yaishie hapa. Ndiyo maana nasema naye mwenyewe, unisamehe kwa kukuruka.

Mwalimu Theodori, tafadhali usiendelee. Toka nje uwaite watu wote waliokuwepo siku ile ya jogoo. Mwite baba mkubwa. Mwite Hermenegildi, hata kama atakataa mwambie ni mimi ninayemwita. Mtoe mama jikoni. Justa akae katikati, juu ya mkeka, Apolonia kwenye mapaja yake. Wakishakaa wote, uanze kusoma upya tangu salamu, kwa sauti ile unayoitumia kanisani, na lile neno la uongo wa chawa usilipunguze. Umewahi kunifichia makosa yangu tukiwa shule, nakushukuru. Leo usinifiche.

Mimi mwenyewe ninakuja. Nimemwaga Bwana Nzi. Hakuelewa, aliniuliza mara tatu kama ni mshahara. Amesema nikiondoka boma litanichukua kama wengine, nami nimesema ndiyo, kama wengine. Barua nimeitanguliza makusudi, maana nikitangulia mimi nitawaamkia, nitapewa maji, nitakaa, na nitanyamaza tena. Najijua. Jogoo wa kulipia sina, baba. Nimemtafuta, hayupo. Nitakuja mikono mitupu, na hukumu yoyote baba mkubwa atakayotoa nitaipokea nimesimama.

Nisalimie majirani wote wa ukingo wetu na ng'ambo. Mwambie Apolonia baba yake mdogo anamkumbuka. Mama, nakuinamia miguuni, ile miguu iliyovimba.

Na salamu za mwisho ni za shemeji Justa, azisikie mbele ya watu. Aliniambia nitasema nikiwa tayari. Mwambieni sikuwa tayari, hata leo siko tayari. Nimesema tu.

Ni mimi mwanao,
Kelestini